“Maji yatachemka au hayatachemka?” Jinsi ya kusoma mwelekeo wa joto, kutoka kaskazi hadi kipupwe

Shangazi yangu analima mwani upande wa mashariki wa Unguja. Kila ikifika Novemba hunipigia simu, na tukishamaliza shikamoo, marahaba na habari za masomo, swali lake ni moja tu: “Mwanangu, kaskazi hii maji yatachemka au hayatachemka?”

Ninasomea sayansi ya hali ya hewa, na shangazi ndiye mtu wa kwanza kwenye ukoo wetu kuamini kwamba ninachosoma kina kazi. Miaka michache iliyopita nilimjibu vibaya. Nilifungua ramani ya mwelekeo wa msimu, nikaona kisiwa chetu kimepakwa rangi ya “wastani”, nikamwambia: “Usiwe na wasiwasi shangazi, itakuwa kawaida tu.” Akafunga kamba zake za kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, kwenye maji ya magotini. Februari maji yakapata moto. Matawi yakageuka meupe, yakalainika, yakakatika. Kila bamvua alipotoka kwenda shambani alikuta kamba zinazidi kuwa tupu.

Hakunilaumu. Alisema tu, “Kumbe na nyinyi wasomi mnabahatisha.”

Neno hilo lilinikaa. Nikarudi kuiangalia ile ramani upya. Pembeni mwa rangi kulikuwa na namba tatu ndogo: 35, 40, 25. Nilikuwa nimesoma rangi, namba nikaziacha. Ramani haikusema “itakuwa kawaida”. Ilisema kitu kingine kabisa, na kama ningekisema kama kilivyo, huenda shangazi angeamua tofauti.

Makala hii inahusu namba hizo. Lakini ili tuzielewe, hebu tuanze na sehemu isiyohitaji utabiri wowote.

Joto litapanda, kisha litashuka. Hilo tunalijua

Katika pwani yetu mwaka una mwendo wake. Kuanzia Desemba hadi Machi inavuma kaskazi, na ndiyo miezi ya moto. Machi hadi Mei ni masika. Juni hadi Agosti ni kipupwe: kusi inavuma kwa nguvu, asubuhi kunakuwa na ubaridi, hata Dar es Salaam watu wanatafuta shuka zito. Kule Njombe na Makete ndiyo usiseme.

Ukisoma kichwa cha habari “Joto kupanda mwanzoni mwa mwaka, kisha hali ya ubaridi kufuata”, hujaambiwa jipya. Babu zetu waliosafiri kwa majahazi walijua hivyo, na ratiba zao za biashara zilipangwa juu ya hivyo. Lakini kuna swali ambalo watu wengi hawajiulizi: kwa nini mwezi wa moto ni Februari, na si Oktoba?

Swali hili si la mzaha. Kwa wakazi wa Unguja na Dar es Salaam, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mara ya kwanza mwanzoni mwa Machi, mara ya pili wiki ya pili ya Oktoba. Kama joto lingekuwa suala la jua kuwa utosini tu, Oktoba na Machi zingelingana. Kila mtu wa pwani anajua hazilingani.

Sababu moja ni umbali. Dunia hailizunguki jua kwa duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tunakuwa karibu na jua kwa takriban kilomita milioni 5 kuliko mwanzoni mwa Julai, na nguvu ya jua inayoifikia dunia huwa kubwa kwa karibu asilimia 7. Hiyo inasaidia kidogo.

Sababu kubwa ni bahari. Maji yanashika joto kuliko hewa kwa kiasi cha kushangaza. Chukua tabaka la juu la bahari, mita 3 tu hivi. Nishati ya kulipandisha tabaka hilo nyuzi moja inakaribia ile ya kuipandisha nyuzi moja hewa yote iliyo juu yake, kuanzia usawa wa bahari hadi mwisho wa anga. Yaani bahari ni sufuria nzito: inachelewa kupata moto, na ikishapata, inachelewa kupoa.

Sasa, Oktoba sufuria hiyo ndiyo kwanza imetoka kwenye kusi. Maji ya juu yamekorogwa na upepo kwa miezi, yamepoa, na jua ndiyo linaanza kuyapasha. Kufikia Machi yamekuwa jikoni kwa miezi mitano. Tena kaskazi kwa kawaida haina nguvu kama kusi, haikorogi maji sana, kwa hiyo joto linabaki juu juu badala ya kusambazwa chini. Maji ya bahari karibu na Zanzibar hufika takriban nyuzi joto 29 mwezi Machi. Mwishoni mwa kusi huwa karibu 25 au 26.

Na kupoa je? Masika huleta mawingu yanayolikinga jua. Kisha, wakati kusini mwa dunia kunaingia baridi, mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa mashariki ya Madagaska, unaoitwa wa Mascarene, unaongezeka nguvu. Hewa hutoka hapo ikipita juu ya bahari yenye ubaridi na kutufikia kama kusi. Ikifika inafanya kazi mbili: inakausha maji ya juu, na maji yakigeuka mvuke huondoka na joto (ndiyo maana unasikia baridi ukitoka kuoga na upepo ukakupiga), halafu inakoroga maji ya moto ya juu na ya baridi ya chini. Wenye ndugu Oman wanajua mwisho wa safari ya upepo huu: ukishavuka ikweta na kupinda pwani ya Somalia, sehemu yake huifikia Salalah, ambako Julai na Agosti kuna ukungu na manyunyu wakati sehemu kubwa ya Uarabuni inaungua.

Huo ndio mwendo wa mwaka. Kwa uhakika wake, hauhitaji kompyuta.

Tunapochanganya malinganisho mawili

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Neno “joto” kwenye taarifa ya msimu linaweza kuwa na maana mbili.

La kwanza ni kulinganisha msimu na msimu: kaskazi ni ya moto kuliko kipupwe. La pili ni kulinganisha msimu na wenyewe: kaskazi hii dhidi ya kaskazi zilizopita, kipupwe hiki dhidi ya vipupwe vilivyopita. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inaposema kipupwe kinatarajiwa kuwa na joto “juu ya wastani”, inazungumzia hilo la pili.

Ndiyo maana kila mwaka kuna mtu analalamika: “Walisema Julai itakuwa na joto, mbona mimi najifunika blanketi?” Tuseme mahali fulani usiku wa Julai kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 19, na mwaka huu umeishia 20. Huo ni usiku wa joto juu ya wastani. Na bado utajifunika. Hakuna aliyekudanganya.

Vilevile kaskazi inaweza kuwa “chini ya wastani” na bado ukalala feni inazunguka usiku kucha. Kwa hiyo ukikutana na taarifa yoyote ya joto, swali la kwanza ni: juu au chini ya nini?

Zile namba tatu

Sasa turudi kwenye 35, 40, 25.

Chukua miaka 30 iliyopita, kwa mfano 1991 hadi 2020, ambayo ndiyo miaka ya msingi inayotumiwa na wengi kwa sasa. Angalia joto la Januari hadi Machi la kila mwaka. Lipange kutoka la juu hadi la chini. Kumi za juu ziite “juu ya wastani”. Kumi za katikati ni “wastani”. Kumi za chini ni “chini ya wastani”. Basi, ni mafungu matatu yaliyo sawa.

Kama hujui lolote kuhusu msimu ujao, kila fungu lina nafasi sawa: takriban 33, 33, 33. Utabiri wa msimu ni kusogeza namba hizo kutokana na unachokijua. Ile ramani yangu ilisema: asilimia 35 juu ya wastani, asilimia 40 wastani, asilimia 25 chini. Rangi iliyopakwa ilikuwa ya fungu lenye namba kubwa, yaani wastani.

Sasa hesabu mwenyewe. Uwezekano wa kuwa wastani ulikuwa 40, kwa hiyo uwezekano wa kutokuwa wastani ulikuwa 60. Na uwezekano wa moto kupita kawaida ulikuwa 35, zaidi kidogo ya mtu asiyejua kitu. Mimi nilichukua hayo yote nikayageuza kuwa “itakuwa kawaida tu”. Kama daktari angekwambia dawa hii inafaa kwa watu 40 kati ya 100, halafu ndugu yako akakuletea ujumbe kwamba “daktari kasema utapona”, ungemwitaje ndugu huyo?

Kwa hiyo je, ramani ilikosea? Msimu mmoja hauwezi kujibu. Kitu chenye uwezekano wa asilimia 35 hutokea mara nyingi tu. Namna ya kumpima mtabiri ni kama kupima mizani ya muuza samaki: hupimi mara moja. Unakusanya mara zote aliposema “asilimia 35”, unaangalia kama kweli ilitokea takriban mara 35 kati ya 100.

Najua utauliza: “Basi hawa hawakosei kamwe, wana kisingizio kila siku?” Hapana, wanaweza kukosea, na tunaweza kuwakamata. Kama yale waliyoyapa asilimia 70 yanatokea mara 40 kati ya 100, mizani yao mibovu. Na kama kila mwaka wanasema 33, 33, 33, hawatakamatwa na kosa, ila hawana faida kwa mtu. Mtabiri mzuri ni yule anayethubutu kuzisogeza namba mbali na 33, na bado hesabu zake zikakubali.

Hawajui ya wiki ijayo, watajuaje ya miezi mitatu?

Hili ni pingamizi zuri, na lina historia. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa MIT huko Marekani, alikuwa anarudia hesabu kwenye kompyuta yake. Badala ya kuingiza 0.506127, akaingiza 0.506. Tofauti ndogo kiasi hicho. Hali ya hewa ya kwenye kompyuta ilianza ikifanana na ya mwanzo, kisha ikaachana nayo kabisa. Hewa ndivyo ilivyo: kosa dogo la leo linakua. Ndiyo maana kutabiri siku kwa siku hupoteza maana baada ya wiki mbili hivi.

Lakini utabiri wa msimu hauulizi kuhusu siku. Timu ya ligi kuu ikicheza na timu ya mtaa, huwezi kujua bao la kwanza litaingia dakika ya ngapi, lakini unajua mpira utalalia upande gani. Kinachoufanya uwanja uiname ni ile sufuria nzito, bahari. Hewa husahau baada ya wiki mbili; bahari hukumbuka kwa miezi.

Kumbukumbu kubwa kuliko zote iko mbali na sisi, katikati na mashariki ya Bahari ya Pasifiki. Maji ya huko yakipata joto zaidi ya kawaida kwa nusu nyuzi au zaidi, na hali hiyo ikadumu miezi kadhaa, tunaiita El Niño; yakipoa kwa kiasi hicho, La Niña. El Niño kwa kawaida hufikia kilele karibu na mwisho wa mwaka. Hubadili mwendo wa hewa hadi huku kwetu: upepo na mawingu juu ya Bahari ya Hindi hubadilika, na miezi michache baadaye Bahari ya Hindi nayo hupata joto. Angalia kalenda: kilele Desemba, ongeza miezi michache, unafika Februari hadi Mei. Yaani pale pale ambapo sufuria yetu imeshafika juu kwa jua lake yenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998. Baada ya El Niño kubwa ya 1997/98, matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, yakiwemo ya Kenya, Tanzania na Ushelisheli, yalibabuka na kuwa meupe kati ya Machi na Mei, na mengi yakafa. Mwaka 2016 na 2024, tena baada ya El Niño, kubabuka kulirudi. Matumbawe na mwani ni viumbe tofauti, lakini yanakaa kwenye maji hayo hayo.

Kuna kumbukumbu nyingine iliyo karibu zaidi: tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, inayoitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi. Upande wetu ukizidi joto, mvua za vuli huongezeka, kama ilivyokuwa 1997 na 2019. Lakini Dipoli kwa kawaida hufifia kufikia Desemba au Januari, upepo ukigeuka. Kwa swali la shangazi la Februari, El Niño ina uzito zaidi.

Vituo vikubwa huchukua hali ya bahari ya leo, huiingiza kwenye modeli za kompyuta, halafu huendesha modeli hiyo mara nyingi, kila mara na tofauti ndogo za mwanzo, kama lile kosa la Lorenz lakini kwa makusudi. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, huendesha utabiri wake wa msimu mara 51 kila mwezi. Kama mara 25 kati ya 51 zinaangukia fungu la juu, una karibu asilimia 50. Kwa kifupi, namba hutoka huko. Kwa kanda yetu, kituo cha ICPAC kilichopo karibu na Nairobi hukutanisha wataalamu wa nchi 11, Tanzania ikiwemo, kabla ya misimu mikuu mitatu ya mwaka. Mikutano hiyo imekuwepo tangu 1998. Kisha taasisi za kila nchi huishusha picha hiyo hadi ngazi ya mikoa.

Wastani nao unahama

Ukizoea kufungua ramani hizi utagundua kitu: za mvua zina rangi mchanganyiko, lakini za joto mara nyingi ni nyekundu karibu kila mahali. Kwani vipi?

Ni kwa sababu dunia inapata joto. Hadi mwisho wa 2024, miaka kumi ya moto kuliko yote katika kumbukumbu za vipimo vya dunia ilikuwa 2015 hadi 2024. Sasa ukiweka mwaka wa leo kwenye mafungu yaliyotengenezwa kwa miaka ya 1991 hadi 2020, unaanza mchezo ukiwa tayari umesogea kuelekea fungu la juu. Ile 33, 33, 33 haipo tena. Fungu la juu linaweza kuanza na namba kubwa kabla hata hujaitazama El Niño.

Kwa hiyo “juu ya wastani” ya leo haimaanishi lazima kwamba kuna jambo la ajabu mwaka huu. Inaweza kumaanisha mwaka huu unafanana na miaka ya karibuni. Na kwa upande wa pili, miaka ya karibuni yenyewe ndiyo inayomsumbua shangazi. Kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara mwaka 1989, kule Paje na Jambiani, kotonii ilipandwa kwenye maji ya kina kifupi. Siku hizi maeneo mengi yamebaki na spinosum, aina inayovumilia zaidi lakini ya bei ndogo. Wengi wa wakulima hawa ni wanawake.

Kutoka namba hadi uamuzi

Tuseme shangazi ana njia mbili. Aache kotonii kwenye maji ya magotini, au aihamishie kwenye maji ya kina, ambako joto halipandi haraka. Kuhamisha si bure. Kunahitaji mashua, mtu wa kusaidia, na mara nyingi mtu anayejua kuogelea.

Nitumie namba za mfano tu. Kuhamisha kunagharimu shilingi 80,000 kwa msimu. Kutohamisha, halafu maji yakachemka, ni hasara ya shilingi 200,000. Na tuseme pia kuhamisha kunauokoa mwani wote. Sasa fikiria kaskazi kumi.

Akihamisha kila mwaka: 80,000 mara 10, ni 800,000.

Asipohamisha kamwe, na uwezekano wa kuchemka ni asilimia 20: hasara mara mbili, ni 400,000. Bora akae.

Uwezekano ukiwa asilimia 35: hasara mara tatu na nusu kwa wastani, ni 700,000. Bado akae, ingawa tofauti ni ndogo.

Ukiwa asilimia 50: hasara mara tano, ni 1,000,000. Bora ahame.

Umeona mpaka ulipo? Gawanya gharama ya kujikinga kwa hasara: 80,000 kwa 200,000 ni 0.4. Uwezekano ukizidi asilimia 40, jikinge. Ukiwa chini ya hapo, usijikinge. Mtu mwingine ana namba nyingine. Mwenye mashua yake mwenyewe, anayetumia 30,000 tu kuhamisha, mpaka wake ni asilimia 15, na ramani ile ile ya 35, 40, 25 ingemwambia ahame. Ndiyo maana taarifa haiwezi kumwambia kila mtu afanye nini. Inaweza tu kutoa uwezekano. Mpaka unaujua wewe.

Na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Sikumpunguzia shangazi maneno tu. Nilimnyang'anya uamuzi wake. Nilichagua kwa niaba yake bila kujua gharama ya mashua wala bei ya kilo.

Mambo ambayo ramani haiyaoni

Nisiifanye ramani kuwa kitu kikubwa kuliko ilivyo. Kuna mambo manne ya kukumbuka.

Kwanza, ni wastani wa miezi mitatu. Msimu wa “wastani” unaweza kuwa na wiki mbili za moto mkali na wiki nyingine za mvua zikausawazisha. Mwani haufi kwa wastani. Unakufa kwa zile wiki mbili.

Pili, modeli hugawa dunia katika miraba yenye upana wa makumi ya kilomita. Maji ya magotini yaliyo nyuma ya mwamba wa matumbawe, ambako bamvua maji hutoka asubuhi na jua likawaka juu ya kidogo kilichobaki, hayaonekani humo. Hapo joto hupanda kuliko bahari ya nje.

Tatu, ramani nyingi za joto ni za hewa, si za maji. Vitu hivi viwili vinakwenda pamoja pwani, lakini si kitu kimoja.

Nne, joto siyo habari nzima. Kipupwe kinapoingia maji hupoa na kotonii hupumua, lakini kusi ikizidi nguvu mawimbi hung'oa kamba na vigingi. Kwa hiyo mkulima anayesoma sehemu ya joto peke yake kwenye taarifa ya kipupwe amesoma nusu. Sehemu ya upepo nayo aisome.

Novemba hii

Shangazi alipiga simu kama kawaida. Safari hii nilimwambia: “Shangazi, siwezi kukwambia yatachemka au hayatachemka. Naweza kukwambia, kaskazi zinazofanana na hii zikiwa kumi, tano hivi zinakuwa za moto kupita kawaida, tatu za kawaida, mbili zenye nafuu. Na hiyo ni hewa, si maji ya shambani kwako.”

Akanyamaza kidogo. Nikafikiri nimemchosha. Kisha akauliza: “Na wakati mimi napanda kotonii kwa mara ya kwanza, mwaka ule baba yako anaoa, zilikuwa ngapi katika kumi?”

Sikuwa na jibu pale pale. Nilimwambia, kwa mafungu ya leo, zilikuwa chache kuliko tano, nitaziangalia. Akasema basi spinosum atafunga pale pale magotini, kotonii nusu ataipeleka maji ya kina pamoja na wenzake watatu wa kikundi, mashua wachange. Nusu nyingine ataiacha. “Ikifa, imekufa nusu.”

Nilipiga hesabu nikiwa bado na simu sikioni. Wakichanga mashua watu wanne, gharama yake inashuka, na mpaka wake unashuka nao. Kwa mpaka huo mpya angeweza kuhamisha yote. Nilimwambia hivyo, pamoja na hesabu yake. Akasema ameelewa, lakini yule mwenye mashua hajawahi kumwona akifika kwa wakati, na hilo kwenye ramani yangu halipo.